Kiti cha Kulia

Kizuri chajiuza, walisema wa kale.
Wa kale hawakuwahi kuuza Pontiac ya mwaka sitini na nane
mtaani Buruburu, Aprili, maji yakitiririka turubaini,
dalali amefika langoni kabla ya chai
na kijana nyuma yake, viatu vyeupe, anaruka madimbwi.

Karibuni. Nalifunua polepole,
kama shuka ya mtoto aliyechelewa kulala.

Kijani cha chupa. Mikono kumi na moja ya rangi,
yote niliipiga usiku,
maana mchana vumbi la Jogoo Road halibishi hodi.
Bampa aliichovya Ochola kule Viwandani;
mara mbili nikaikataa, ya tatu akaileta amenuna,
nikahesabu mvi zangu ndani yake.
Viti ni kazi ya Harnam, Kalasinga wa Ngara, mwenye chongo,
aliyesoma mshono kwa ukucha.
Kabureta niliingoja miezi kumi na minne
na ushuru ukaizidi bei.
Chungulia chini: hata tone la oili.
Miaka tisa, bwana. Ningesomesha daktari.

"Linakunywaje?" auliza kijana.
Kama mjomba harusini.
"Na usukani, mbona kushoto?"

Eh. Hapo.

Fundi mmoja wa Kariobangi alitaka laki mbili na nusu
auhamishe. Nilikataa,
nikasema ni heshima kwa waliolibuni.
Uongo.
Ukikaa kushoto, barabara ya Kangundo, nyuma ya lori la mawe,
huoni mbele. Waona tairi, tope,
"Subira Yavuta Heri" kwa rangi nyekundu, moshi.
Aonaye ni wa kulia.

Kulia alikaa Syombua,
maganda ya njugu mapajani,
shingo ameitoa kidogo dirishani.
"Bado."
"Bado."
"Bado, Musembi, kuna basi."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:
"Sasa."

Nami nikakanyaga, bila kuona.
Silinda nane zikaamka kwa neno moja,
Kilimambogo ukasogea kando kama aliyeitwa.
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa tulibishana
juu ya shamba, karo, dada yangu, chumvi yenyewe.
Ile "sasa" yake sikuihoji hata siku moja.

Tuliliendesha Desemba mbili.

Baada ya matanga nilijaribu peke yangu.
Nilifuata lori moja toka Ruai hadi Joska,
injini ikinung'unika, nyuma yangu honi,
nikingoja.

Dalali akohoa. "Mzee, bei?"
Milioni nne na laki mbili, logbuku safi.
Kijana asema atalionja kwanza.
Haya, lionje. Kaa wewe kwenye usukani.

Nazunguka. Nafungua mlango ambao kwa miaka yote
niliufungua kwa ajili ya mwingine.
Kiti kimenizidi upana upande mmoja, kimepungua upande mwingine.
Kwenye ufa wa ngozi, ganda moja la njugu;
naliacha.

Twapita Kayole, Ruai, mvua imekatika.
Mbele yetu lori la mchanga, limeinama.
Natoa shingo dirishani
na sasa naona alichokuwa akikiona:
basi, pikipiki yenye magunia, punda, basi jingine,
yote yakija, makubwa, karibu mno,
na mwanamke ametulia, anatafuna njugu,
hajaniambia hata mara moja kwamba anaogopa.

Kijana amekaza mikono. Jasho.
"Nipite, mzee? Nipite?"

Barabara mbele yangu ni nyeupe, tupu
hadi kwenye kona.

"Bado," namwambia.
"Bado."